Kutafuta Jahazi la Babu Katika Nyaraka za Bahari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Watu wa Lamu, Tanga, Unguja, Maskati na walioko ughaibuni huniuliza jambo lile lile kwa maneno tofauti: babu yetu alikuwa na chombo, je, kimeandikwa popote? Majibu haya yanahusu vyombo vya tanga vya mwambao wa Afrika Mashariki, hasa kati ya miaka ya 1840 na 1960. Shika jambo moja kabla hujasoma zaidi. Hakuna aliyekaa bandarini kuandika majahazi kwa sababu yalikuwa mazuri. Chombo kiliandikwa kilipotozwa ushuru, kilipoombewa bendera, kilipowekwa rehani, kilipokamatwa au kilipozama. Basi ukitaka kukipata, uliza kwanza nani alikuwa na sababu ya kukiandika.

## Kabla hujaanza

1. Sina jina la jahazi. Naweza kuanza?

Unaweza, na pengine ni heri. Majina ya vyombo yalijirudia mno: Salama, Tawakali, Fathulkheri, Mansuri. Mimi mwenyewe nilipoteza miezi nikimtafuta "Salama" wa baba yake bibi, na nikapata Salama wengi, hakuna aliyekuwa wetu. Kilichonifikisha ni jina la Baniani aliyemkopesha mzee fedha za tanga jipya na kamba. Jina hilo bibi alilikumbuka kwa sababu deni lilizungumzwa nyumbani kuliko chombo chenyewe.

Kusanya vitu vinne: jina la mzee pamoja na la baba yake na la babu yake, na nisba au mji, bandari ya nyumbani, bandari alizozoea kwenda, na miaka, hata ya kukisia. Wazee hawakumbuki miaka, wanakumbuka matukio. Uliza kama mzee alikuwa hai wakati wa kimbunga kilichoivunja Unguja Aprili 1872, au siku mizinga ya Waingereza ilipopiga kasri ya Sultani tarehe 27 Agosti 1896, au wakati wa vita vya Wajerumani. Tukio moja kama hilo linaweza kukupunguzia miaka 20 ya kupekua.

2. Familia inasema babu "alikuwa na jahazi". Ina maana alilimiliki?

Si lazima. Kwa lugha ya mwambao nahodha naye "ana chombo", ingawa mwenye mali ni tajiri aliyekaa mjini. Tofauti hii inaamua utafute wapi. Karatasi za bandari hutaja nahodha zaidi. Karatasi za bendera na za rehani hutaja mwenye chombo. Serahangi (msimamizi wa mabaharia), mshika sukani na mabaharia wa kawaida utawakuta karibu tu katika orodha za mabaharia (tazama swali la 6).

Pia chombo kimoja kiliweza kuwa na wenyewe watatu au wanne wa ubia. Ukikuta jina la mtu usiyemjua mbele ya chombo unachokidhani ni chenu, usikitupe. Huenda ni shemeji.

3. Aina ya chombo ina umuhimu gani?

Mkubwa, kwa sababu inataja mahali. Mtepe, uliofungwa kwa kamba za nazi bila msumari na wenye tanga la mkeka, ni wa Wabajuni na visiwa vya Lamu, na haukupita mbali katika karne ya 20. Bumu ni chombo cha Kuwait na Ghuba. Kotia ni cha Bara Hindi. Bagala, ghanja, sambuki na betili zinakuelekeza Uarabuni. Jahazi na mashua ni za kwetu. Ngalawa usijisumbue nayo, haikuandikwa.

Shida ni kwamba makarani wa Ulaya hawakutofautisha. Mwingereza aliandika "dhow" kwa karibu kila chombo chenye tanga la pembe tatu, Mjerumani "Dhau", Mfaransa "boutre", Mtaliani wa Benadiri (pwani ya Somalia) "sambuco", Mreno wa Msumbiji "pangaio". Hayo ndiyo maneno ya kuandika katika kisanduku cha kutafutia. Ukiandika "jahazi" peke yake hutapata kitu.

4. Niwaulize nini wazee waliobaki?

Usianze na "jahazi liliitwaje". Anza na mzigo. Mtu aliyekuwa mtoto anakumbuka harufu: tende, papa mkavu, sifa (mafuta ya papa) iliyopakwa mbao, boriti mbichi za mikoko. Mzigo unakupa njia, na njia inakupa bandari. Boriti zilitoka Lamu na mto Rufiji kwenda Uarabuni na Ghuba kwenye nchi isiyo na miti. Tende, chumvi na papa vilikuja huku. Karafuu zilitoka Pemba kwenda Unguja.

Halafu uliza msimu. Vyombo vya Arabuni na Bara Hindi vilishuka na upepo wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, vikarudi na upepo wa kusi. Kusi likichachamaa Juni na Julai, wengi walitia nanga. Kama kumbukumbu ya nyumbani inasema mzee aliondoka Unguja kwenda Maskati Januari, basi kuna kitu kimechanganywa, kwa sababu angekuwa anapigana na upepo safari nzima.

## Chombo kiliandikwa wapi

5. Kabla ya ukoloni kulikuwa na rejesta ya vyombo?

Si kwa maana tunayoijua. Kwa miongo mingi ya karne ya 19, Sultani wa Zanzibar hakukusanya ushuru mwenyewe. Aliikodisha forodha kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na nyumba iliyojulikana zaidi ni ya Jairam Shivji wa Kachi. Aliyekodi alilipa fedha kwa mwaka, kisha akakusanya chake bandarini. Kwa hiyo hesabu za nani aliingia na mzigo gani zilikuwa daftari za biashara binafsi, kwa Kigujarati au Kikachi, na si nyaraka za serikali. Ndiyo maana pengo la miaka hiyo ni kubwa.

Kilichobaki ni cha pembeni: barua za konseli (balozi mdogo) wa Kiingereza, aliyekaa Unguja tangu 1841 na kupeleka taarifa zake Bombay, barua za Wamarekani wa Salem, Massachusetts, ambao mkataba wao na Sultani Seyyid Said ni wa 1833, na kesi za madeni. Wahindi wengi waliokopesha vyombo walikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza, kwa hiyo wakigombana na nahodha juu ya rehani, shauri lilifika kwa konseli na likaandikwa. Ukijua nani alimkopesha babu yako, umeshika mkia wa kitu.

6. Nasikia kuna "mkataba wa Brussels". Unanisaidiaje?

Huu ndio mlango mkubwa kuliko yote, na wengi hawaujui. Mkataba ulitiwa saini Brussels Julai 1890 ili kuzuia biashara ya watumwa. Ndani yake kuna vifungu vingi juu ya "vyombo vya wenyeji" katika Bahari ya Hindi, Ghuba na Bahari ya Shamu. Dola zilizotia saini, zikiwemo Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Italia, Ureno na Zanzibar yenyewe, zilikubaliana kwamba chombo hakipewi bendera mpaka mwenyewe athibitishe mambo kadhaa.

Mambo hayo ni dhahabu kwa mtafutaji. Mwenye chombo alitakiwa kuwa raia au mtu aliye chini ya ulinzi wa dola ile. Alitakiwa kuonyesha kuwa ana nyumba au shamba katika wilaya anapoombea, au alete mdhamini mwenye mali. Yeye na nahodha walitakiwa wawe watu wenye sifa njema, wasiowahi kuhukumiwa kwa biashara ya watumwa. Kibali kilihuishwa kila mwaka. Kwa hiyo karatasi ya bendera ya 1897, kwa mfano, inaweza kukupeleka kwenye hati ya nyumba ya mtaa fulani, na ile hati ikakupeleka kwa mkewe na watoto. Kama hukupata chombo, jaribu kinyume: anza na nyumba.

Kuna orodha mbili pia. Ya kwanza ni ya mabaharia, iliyotolewa kwenye bandari ya kuondokea na kufanywa upya kila chombo kikitengenezwa kwa safari, au angalau mara moja kwa mwaka. Ya pili ni ya abiria Waafrika, majina na jinsia, ili mtu asisafirishwe kama mtumwa kwa jina la abiria. Ikiwa bibi yako alisafiri Kilwa kwenda Unguja kama abiria, jina lake linaweza kuwa huko hata kama la jahazi halimo popote pengine.

Na alama. Jina la chombo na tani zake zilichongwa na kupakwa rangi kwa herufi za Kilatini kwenye tezi (sehemu ya nyuma ya chombo), na herufi za kwanza za bandari pamoja na namba ya rejesta zikaandikwa kwa rangi nyeusi kwenye tanga. Ukiwa na picha ya zamani ya familia, chukua kioo cha kukuzia usome tanga kabla ya kusoma nyuso. Picha moja niliyoonyeshwa ilikuwa na wanaume watano wamekaa juu ya marundo ya makuti, na kila mtu aliyeiona alikuwa akibishana nani ni nani. Nyuma yao, pale tanga lilipokunjwa nusu, zilionekana tarakimu mbili na nusu ya ya tatu. Tarakimu zile ziliwatoa kwenye ubishi wa miaka.

7. Nyaraka za Zanzibar ziko wapi, na nianze na kitu gani?

Nyaraka za Taifa Zanzibar ziko Kilimani, mjini Unguja. Kumbukumbu za konseli wa Kiingereza zimepangwa chini ya alama AA, na za ofisi ya serikali ya himaya chini ya AB. Anza na katalogi, usianze na maboksi. Usiombe "majahazi" tu. Omba pia bandari, forodha, bendera, rehani, na faili za mirathi. Mirathi ni muhimu kwa sababu chombo kilikuwa mali, na marehemu akiacha nusu ya betili, warithi waliandikiwa nusu ya betili.

Usisahau kwamba ukanda wa pwani ya Kenya ulikuwa chini ya bendera ya Sultani mpaka 1963. Chombo cha Lamu au Mombasa kinaweza kabisa kuwa na karatasi za Zanzibar.

Tangu 1892 Zanzibar ilikuwa na gazeti rasmi, ambalo lina habari za bandari. Litakusaidia zaidi kwa meli za moshi na mizigo kuliko kwa chombo kimoja cha tanga, lakini matangazo ya mirathi na minada yamo.

Uliza mapema kuhusu kibali cha utafiti. Kuna ofisi moja, si ya Zanzibar, iliyonirudisha mara tatu kwa sababu barua yangu haikuwa na muhuri wa mtu ambaye mwenyewe alikuwa likizo. Siku hizi napiga simu kwanza.

8. Na Kenya na Tanzania Bara?

Kenya: Nyaraka za Taifa ziko Moi Avenue, Nairobi, katika jengo lililokuwa benki. Tafuta kumbukumbu za mkuu wa mkoa wa Pwani, zenye alama PC/COAST, na za wilaya za Lamu, Malindi na Mombasa.

Tanzania: Nyaraka za Taifa ziko Dar es Salaam na zina mkusanyiko wa Kijerumani, faili zenye alama G. Ujerumani ilitia saini Brussels, kwa hiyo kanuni za swali la 6 zilifika Tanga, Pangani, Bagamoyo, Dar es Salaam, Kilwa, Lindi na Mikindani pia. Upande wa pili wa barua hizo uko Berlin, katika Bundesarchiv (nyaraka za taifa za Ujerumani), chini ya alama R 1001, na sehemu kubwa inaonekana kwa intaneti bila kulipa. Tatizo la Kijerumani ni mwandiko, tazama swali la 13.

9. Naishi Ulaya au Ghuba. Kuna kinachopatikana bila kusafiri?

Kipo. Anza na maktaba ya kidijitali ya Qatar, iliyofunguliwa 2014. Humo zimo kumbukumbu za ofisi za Waingereza za Ghuba, zikiwemo za Maskati (alama R/15/6), na maandishi yake yanatafutika kwa neno. Ukiwa na babu wa Sur, bandari ya Omani, hapo ndipo pa kukaa wikendi nzima.

Nyaraka za Taifa za Uingereza ziko Kew, London. Mfululizo FO 84 ni wa idara ya biashara ya watumwa mpaka 1892, na humo mna barua za Zanzibar pamoja na orodha za vyombo vilivyokamatwa. Nyingi zilichapishwa pia katika ripoti za Bunge la Uingereza, na hizo ni rahisi kusoma kwa sababu ni chapa.

Kama mzee alifanya kazi miaka ya 1930, tazama picha za Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, katika Jumba la Makumbusho ya Bahari la Greenwich. Alisafiri 1938 na 1939 ndani ya bumu la Kuwait, akafika Unguja na kwenye delta ya Rufiji kupakia boriti. Mabaharia wengi wa wakati ule wanaonekana sura zao.

10. Je, rejesta ya meli ya Lloyd's ya London itakuwa na jahazi letu?

Hapana. Ile ni ya meli za bima, nyingi za Ulaya na Marekani. Tumia muda wako kwingine.

## Kusoma ulichokipata

11. Jina la babu halionekani kabisa. Limekosekana?

Pengine lipo kwa sura nyingine. Karani wa Kiingereza aliandika alivyosikia, na aliyemtafsiria alisema kwa lahaja yake. Fathulkheri inakuwa Futteh el Khair, Fatal Kher, Fathelkheir. Nahodha anakuwa Nacoda au Nakhoda, na mara nyingine neno hilo linachukuliwa kuwa jina lake la kwanza. Miji nayo: Lamoo, Mombas, Brava kwa Barawa, Quiloa kwa Kilwa, Monfia kwa Mafia.

Ushauri wangu: andika jina kwa herufi za Kiarabu kwanza, kisha ujiulize Mwingereza asiyejua ʿain wala ḥa angelisikiaje. Toa irabu zote ubaki na konsonanti. Ukimtafuta Mbaruku, tafuta m-b-r-k, na ruhusu "Mubarak" na "Embarook" kuwa mtu yule yule. Kisha tazama kama bandari na mwaka vinakubali. Jina peke yake si ushahidi.

12. Tarehe zinanichanganya. Nifanyeje?

Kuna kalenda zaidi ya moja katika kasha moja. Barua za Kiarabu na Kiswahili hutumia Hijria. Mwaka 1300 ulianza Novemba 1882 na kuisha mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba 1883, kwa hiyo usiandike tu "1882". Ruhusu siku moja mbele au nyuma kwa sababu ya mwezi kuandama. Na kumbuka siku ya Hijria huanza jua likizama, basi tukio la Alhamisi usiku huenda ni Ijumaa ya mzee.

Halafu kuna miezi ya Kiswahili. Mfungo Mosi ni Shawwal, si Muharram. Muharram ni Mfungo Nne, na Mfungo Sita ni mwezi wa Maulidi. Nimeona tafsiri iliyohamisha safari nzima kwa miezi mitatu kwa sababu mtafsiri alidhani Mfungo Nne ni mwezi wa nne wa Kiislamu.

Manahodha walikuwa na hesabu ya tatu, ya Nairuzi, mwaka wa jua, kwa kuwa upepo haufuati mwezi. Ukikuta "siku ya mia ya Nairuzi", hiyo ni hesabu ya msimu wa safari. Haina mwaka ndani yake, kwa hiyo tafuta mwaka kwingine katika karatasi hiyo hiyo.

13. Siwezi kusoma mwandiko.

Kiarabu cha makarani mara nyingi hakina nukta, na Kiswahili cha herufi za Kiarabu hakionyeshi p na b kwa uaminifu. Tafuta mtu wa madrasa mzee kabla ya kutafuta profesa. Anaweza kukusomea kwa mazoea, hasa barua za biashara ambazo salamu zake ni zile zile na habari yenyewe iko mistari mitatu ya mwisho.

Kijerumani cha wakati ule kiliandikwa kwa mwandiko uitwao Kurrent, ambao hata Mjerumani wa leo hausomi bila kujifunza. Zipo programu za kusoma mwandiko huo kwa kompyuta. Zinakosea majina ya watu, na majina ndiyo unayoyataka, kwa hiyo zitumie kupata ukurasa, kisha soma neno mwenyewe.

14. Vipimo vya mzigo: pishi, jizla, tani?

Pishi ni vibaba 4. Jizla ni kipimo kikubwa cha nafaka, na ukubwa wa chombo ulitajwa kwa jizla kinazobeba. Vyombo vya Ghuba vilipimwa kwa uzito wa tende. Tani za Kiingereza ni za mtu aliyepima mbao kwa kamba. Usilinganishe kipimo kimoja na kingine ili kuthibitisha ni chombo kile kile. Tazama kwanza swali linalofuata, utaona kwa nini tani zile hazikuwa za kuaminika.

## Mambo magumu

15. Nimekuta jahazi la babu katika orodha ya vyombo vilivyokamatwa. Alikuwa mfanyabiashara wa watumwa?

Huenda ndiyo, huenda sivyo, na familia inastahili kusoma faili lote kabla ya kuamua. Katika miaka ya 1870 na mwanzoni mwa 1880, meli ya vita ya Kiingereza iitwayo London ilitia nanga Unguja, na mashua zake zilizunguka Pemba na mwambao kusaka vyombo. Mabaharia wa Kiingereza walilipwa zawadi kwa kila mtumwa aliyeachiliwa huru, na palipo na chombo bila watumwa, kwa tani za chombo. Vyombo vingi vilichomwa moto pale pale kwa madai kwamba havifai kusafiri mpaka mahakamani, na kipimo chake kikabaki neno la aliyekichoma. Wenye vyombo walilalamika, na makonseli wengine waliwasikiliza.

Upande mwingine, biashara ilikuwepo, na ilipata faida. Mkataba wa Sultan Barghash wa Juni 1873 ulifunga soko la Unguja na kuzuia kusafirisha watumwa kwa bahari, lakini watu waliendelea kuvushwa usiku kwenda Pemba kwa ajili ya karafuu. Katika faili tafuta mambo matatu: watu wangapi walikutwa ndani, walisema nini wenyewe, na mahakama (ya Zanzibar, Aden, Bombay au kwingine) iliamua nini. Kauli za watu waliokutwa ndani ndizo zenye uzito. Wengi walitaja mahali walipouzwa, na pengine jina la nahodha.

16. Babu hakuwa nahodha wala mwenye mali. Tunadhani alikuwa mtumwa wa chombo.

Mabaharia wengi wa karne ya 19 walikuwa watumwa waliotumwa baharini na bwana wao, ambaye alichukua sehemu ya ujira wao. Katika orodha ya mabaharia (swali la 6) mtu kama huyo anaandikwa kwa jina moja, pengine jina la siku kama Juma au la furaha kama Farahani, bila jina la baba. Usiruke majina hayo. Linganisha orodha ya miaka miwili mitatu ya chombo kile kile, kwa sababu mtu aliyekuwa Farahani peke yake mwaka mmoja anaweza kuonekana baadaye ana jina la pili, na hilo jina la pili ni la bwana au la aliyemwacha huru.

Waliotolewa vyomboni na meli za Kiingereza waliandikwa pia, na baadhi walipelekwa Shelisheli, Bombay au misheni za pwani. Tafuta huko.

17. Chombo chetu kilipeperusha bendera ya Ufaransa, lakini sisi ni watu wa Sur. Ilikuwaje?

Meli za Kiingereza hazikuwa na ruhusa ya kupekua ovyo chombo cha Kifaransa. Manahodha walilijua hilo vizuri kuliko wanasheria, na wengi wa Sur, Komoro na Madagaska walichukua bendera kwa makonseli wa Ufaransa. Desemba 1881 kapteni wa Kiingereza Brownrigg aliuawa karibu na Pemba alipokaribia chombo chenye bendera hiyo.

Ugomvi ulifika Mahakama ya Usuluhishi, The Hague, iliyotoa uamuzi Agosti 1905: baada ya tarehe 2 Januari 1892, Ufaransa ingeweza kuwapa bendera raia wa Maskati wale tu waliokuwa wakihesabiwa chini ya ulinzi wake kabla ya 1863. Kwa mtafutaji maana yake ni karatasi nyingi, kwa sababu ilibidi kuhoji kila mmoja kwamba familia yake ilipata ulinzi lini. Tazama R/15/6 (swali la 9), na upande wa Kifaransa tazama nyaraka za kibalozi zilizoko Nantes na za makoloni zilizoko Aix-en-Provence.

18. Nyumbani wanasema jahazi lilizama. Kuna rekodi za kuzama?

Kwa chombo kidogo cha mwambao, mara chache. Kilipozama na mzigo wa Mhindi au wa kampuni, kuna madai ya fedha. Kilipozama peke yake, kuna duwa tu. Aprili 1872 ni ya kipekee: kimbunga kilivunja vyombo bandarini Unguja, zikiwemo meli za Sultani, na barua za wiki zile zimejaa hasara.

Angalia pia vita. Tangu Machi 1915 Waingereza waliufunga mwambao wa Wajerumani, na vyombo vilivyojaribu kupita vilikamatwa au kuharibiwa. Jahazi la Lindi "lililozama" 1915 huenda halikuzamishwa na bahari.

19. Mzee alisafiri miaka ya 1950. Bado ni nyaraka za zamani?

Ndiyo, na kwa bahati mbaya ndizo zinazopotea haraka zaidi, kwa sababu watu wanaona bado ni jana. Leseni za vyombo za miaka ile zimo katika ofisi za bandari na za wilaya kuliko kwenye nyaraka za taifa. Hapa wazee walio hai ni bora kuliko faili: mtu aliyekuwa kijana wa jikoni ndani ya chombo mwaka 1955 sasa yuko karibu na miaka 85 au 90.

20. Nimekuta Tawakali mbili, bandari moja, mwaka mmoja.

Tazama tani, aina ya chombo, jina la nahodha na namba ya tanga, kwa mpangilio huo kutoka dhaifu hadi imara. Mahodari wa kazi hii hawakubali chombo mpaka vitu vitatu visivyotegemeana vikubaliane. Ukiwa na viwili tu, andika viwili na uache nafasi.

21. Kuna karatasi katika kasha la bibi. Nizifungueje?

Usizifungue kwa nguvu. Karatasi yetu ilikuwa imekunjwa mara nane na kuwekwa ndani ya kijaluba cha ngozi, na mikunjo ilikuwa imeshakatika kama biskuti. Iache usiku mmoja karibu na bakuli la maji ndani ya sanduku lililofunikwa, ilainike, kisha ifungue polepole juu ya kitambaa. Usitumie gundi wala selotepu. Piga picha pande zote mbili kwa mwanga wa ubavuni, hata upande mtupu. Upande mtupu wa yetu ulikuwa na muhuri uliofifia na namba iliyoandikwa kwa penseli. Namba hiyo ndiyo niliyoipeleka Kilimani.